Ngome, Bahari na Bara: Historia ya Makumbusho ya Fort Jesus

Makumbusho ya Fort Jesus ndiyo hazina kuu ya vitu vya kale katika pwani ya Kenya. Yamo ndani ya ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari ya zamani ya Mombasa. Ng'ambo ya maji hayo ni Kisauni. Kusini, baada ya kivuko cha feri, ni Likoni. Magharibi, mtu akishapita Makupa, ni Changamwe. Wengi huihesabu ngome hii kuwa mali ya kisiwa na ya Mji wa Kale peke yake, na wageni wanaoletwa kuitazama huondoka na fikira hiyo hiyo. Ilhali mengi yaliyoipata ngome yaliamuliwa bara: chakula cha wenyeji wake kilitoka bara, maadui zake walivukia bara, na walioitia nguvu au kuitia njaa walikuwa watu wa bara. Anayeisimulia bila kuwataja hawa anasimulia nusu ya kisa.

Kukaa kwa watu katika pande hizo kulianza zamani sana kabla ya ngome. Huko Mtongwe, upande wa Likoni, udongo wa miinuko iliyo karibu na hori umetoa zana za mawe za watu walioishi kwa kuwinda na kuokota. Watafiti kutoka Japani walifukua hapo katika miaka ya 1980 na kuthibitisha kuwa ufuo huu ulikaliwa tangu Zama za Mawe. Kaskazini zaidi, katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wanaakiolojia wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nchi za nje walikuta kaburi la mtoto wa miaka ipatayo mitatu aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2021, na hilo ndilo kaburi la binadamu la kale kupita yote yanayojulikana barani Afrika. Tutankhamun wa Misri, ambaye dunia nzima inamjua, alizikwa miaka 3,300 hivi iliyopita. Tarehe hizi mbili zikiwekwa pamoja, pwani haina sababu ya kujiona changa.

Miji ilikuja baadaye sana. Katika karne za kati, Waswahili walijenga kwa mawe na chokaa kando ya kila hori lenye maji matulivu: Mombasa yenyewe, Jomvu upande wa Changamwe, na Mtwapa na Jumba la Mtwana ng'ambo ya hori la Mtwapa, pale Kisauni inapokomea. Kumbukumbu ya miji hiyo imo katika mpangilio wa wenyeji wa Mombasa, yaani Taifa Kumi na Mbili. Katika Tisa Taifa wamo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa na Wakilifi. Katika Tatu Taifa wamo Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Majina hayo ni kama ramani ya pande zote za maji. Miji kadhaa ilihamwa, watu wake wakaingia kisiwani na jina la kwao, wakaacha magofu. Kila upande ulikuwa na washirika wake miongoni mwa Mijikenda, na Wadigo wa kusini walishikamana na Wakilindini. Ushirika huo haukuwa wa maneno matupu. Ulihusu nafaka, pembe za ndovu, gundi, nguo, ndoa na msaada wa vita.

Hatari ya kutegemea bara bila kuwa na amani na watu wake ilidhihirika mwaka 1589. Nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, alikuwa ameingia Mombasa na merikebu kutoka Bahari ya Shamu, akiwaahidi wenyeji kuwaondolea Wareno. Wareno wakaleta kundi la merikebu kutoka Goa chini ya Tomé de Sousa Coutinho. Wakati huo huo jeshi la Wazimba, waliotoka kusini, lilikuwa limepiga kambi bara likingoja nafasi ya kuvuka Makupa, mahali ambapo maji yakipwa mtu aliweza kupita kwa miguu. Waturuki walijaribu kulinda pande mbili, wakashindwa zote. Wazimba walivuka na kuua watu wengi, Mir Ali Bey akakamatwa na Wareno na kupelekwa Lisbon. Muda mfupi baadaye Wazimba walivunjwa na Wasegeju karibu na Malindi. Mfalme wa Malindi, rafiki wa Wareno, akapewa kiti cha Mombasa, na Wareno wakaamua kujenga ngome ya kudumu.

Mchoro ulitolewa na Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitalia aliyekuwa katika utumishi wa mfalme wa Hispania na Ureno. Mwamba ulichongwa, handaki likachimbwa upande wa nchi kavu, na buruji nne zikasimamishwa kwenye pembe. Atazamaye ramani yake huona umbo la mtu aliyelala chali. Baharini ngome ilikuwa imara. Wasiwasi wa wajenzi ulikuwa nchi kavu. Ndiyo maana Wareno walijenga pia ngome ndogo Makupa kulinda kile kivuko, na ndiyo maana walikuwa wakitoa nguo kwa wazee wa Mijikenda, ambao katika barua zao waliwaita Wamuzungulo, ili njia ya vyakula isifungwe.

Bara lilikuwa pia kimbilio la waliokosana na wenye ngome. Sultani Hasan bin Ahmad aligombana na kapteni wa Kireno, akakimbilia Rabai mwaka 1614, akauawa huko kwa hila iliyolipwa na Wareno. Mwanawe, Yusuf bin Hasan, alichukuliwa Goa akiwa mdogo, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi katika dini ya baba zake. Wareno walileta jeshi kuizingira ngome wakashindwa; hata hivyo Yusuf mwenyewe aliiacha mwaka 1632, akaenda zake baharini, nao wakaichukua tena. Juu ya lango la ngome bado lipo bamba la mawe la mwaka 1635, lililoandikwa kumsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa jinsi alivyoadhibu miji ya pwani. Miongoni mwa matendo anayosifiwa ni kuwaadhibu Wamuzungulo. Kwa hiyo watu wa bara wametajwa langoni kabisa, katika maandishi ambayo kila mgeni hupita chini yake.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni mazingiwa ya 1696 hadi 1698. Waarabu wa Oman walifika Machi 1696, wakauteka mji na kuifungia ngome. Ndani walikuwamo Wareno wachache na wenyeji wengi zaidi, waume kwa wake, walioshikamana nao kwa sababu zao wenyewe, wakiwamo watu wa Faza. Maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Kapteni wa Kireno alipokufa mwezi wa Agosti 1697, uongozi ulishikwa na Bwana Daud wa Faza, Mswahili aliyeilinda ngome ya Wareno mpaka msaada ulipokuja mwezi uliofuata. Jambo hili linastahili kukumbukwa zaidi ya linavyokumbukwa, kwa kuwa linavunja ile hadithi nyepesi ya Wazungu upande mmoja na wenyeji upande wa pili. Msaada huo uliongozwa na merikebu ya vita Santo António de Tanna, iliyoundwa Bassein nchini India, mizinga 42. Mwezi wa Oktoba 1697 kamba zake za nanga zilikatwa na mizinga ya Waarabu, ikapigwa kwenye mwamba, ikazama chini ya ngome, katika mkondo unaoitenga na Kisauni. Tarehe 13 Desemba 1698 Waarabu walipanda kuta na kukuta watetezi wachache tu wangali hai.

Wareno walirudi kwa muda mfupi tu, 1728 hadi 1729, wakafukuzwa na wenyeji wenyewe. Wajumbe wa Taifa Kumi na Mbili, pamoja na wa Mijikenda, walisafiri hadi Muscat kuomba ulinzi wa Imamu. Kutokana na ombi hilo walikuja magavana, na kutoka kwa magavana hao ukazaliwa utawala wa Mazrui, ambao tangu miaka ya 1740 uliiendesha Mombasa kama dola yake mwenyewe hadi Seyyid Said wa Oman alipoupindua mwaka 1837. Mazrui walitawala kwa mashauri na Taifa Kumi na Mbili, na kupitia kwao na Mijikenda. Kila walipoharibu masikilizano hayo, mamlaka yao yaliishia kwenye kuta.

Katika zama hizo ndipo majina mengine ya bara yalipopatikana. Mwaka 1824 Mazrui, wakimwogopa Seyyid Said, waliomba ulinzi wa Waingereza kwa nahodha William Owen. Luteni John James Reitz aliachwa Mombasa kuusimamia, akafa kwa homa mwaka huo huo. Jina lake limebaki Port Reitz, ndani ya Changamwe, ambako leo ndege hutua na malori ya makontena hupanga foleni. Ulinzi huo haukudumu, ukaisha 1826. Miaka 18 baadaye Rosine Krapf, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, alifariki na kuzikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni.

Upande huo huo, mwaka 1875, Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilianzisha Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuwa amemshawishi Sultani wa Zanzibar mwaka 1873 kuzuia biashara ya watumwa baharini. Kazi ya kukijenga ilifanywa kwa kiasi kikubwa na Waafrika waliokuwa wamekombolewa mapema zaidi na kulelewa India, karibu na Nasik, wakajua useremala, uhunzi na kusoma. Manowari za Kiingereza ziliwaleta hapo watu waliopokonywa kutoka mashuani: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, ambao hawakuwa na njia ya kurudi makwao. Kengele ilitundikwa ili kuwaonya wanapokuja wavamizi. Mnara wake bado upo, nao ndio uliopapa mahali hapo jina la Kengeleni. Kwa wakazi wengi wa Kisauni leo Kengeleni ni kituo cha matatu tu. Kumbe ni mojawapo ya mahali pachache pwani ambapo historia ya watumwa inaweza kuelezwa kutoka upande wa waliokombolewa.

Ngome yenyewe ilikuwa inaelekea mwisho wa kazi zake za vita. Mwaka 1875 manowari mbili za Kiingereza ziliipiga mizinga ili kumtoa Al-Akida, jemadari wa ngome aliyemwasi Sultani wa Zanzibar. Miaka 20 baadaye, serikali mpya ya Waingereza iliigeuza gereza, na gereza ikabaki hadi 1958. Vyumba vilijengwa juu ya misingi ya kale, takataka zikamwagwa handakini. Kwa zaidi ya miaka 60 kuta hizo zilikuwa na maana moja tu kwa wakazi wa Mombasa, nayo ni kufungwa. Si ajabu kwamba wazee wengi hawakupenda kuwapeleka watoto wao huko hata baada ya milango kufunguliwa.

Mnamo Oktoba 1958 ngome ilitangazwa kuwa mnara wa kihistoria. Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ulitoa fedha za kuikarabati na kujenga jumba la maonyesho mahali palipokuwa na kambi ya askari. Kazi iliongozwa na James Kirkman, mwanaakiolojia wa Kiingereza ambaye tangu 1948 alikuwa akisimamia na kuchimbua magofu ya Gedi. Makumbusho yalifunguliwa 1960, na uchimbaji ndani ya ngome ukaendelea kwa miaka mingi baadaye.

Njia ya Kirkman ya kusoma umri wa magofu ndiyo iliyoyapa makumbusho sura yake. Nyumba za mawe za Waswahili ni chache zenye tarehe iliyoandikwa. Lakini vigae vya vyombo vya Kichina na vya nchi za Kiislamu, vya rangi ya kijani, buluu na nyeupe, vinajulikana vilitengenezwa lini na wapi. Kikipatikana chini ya sakafu kigae cha Kichina cha karne ya 14, sakafu hiyo haiwezi kuwa ya zamani kuliko hapo. Ndiyo sababu kabati za Fort Jesus zimejaa vigae na vyombo kutoka Gedi, Manda, Ungwana, Jumba la Mtwana na ngomeni kwenyewe. Mgeni asiyeelezwa huona vyombo vilivyovunjika. Aliyeelezwa huona kalenda. Kando yake vimewekwa vyungu vya udongo vilivyofinyangwa na wenyeji, na hivi, kwa haki, vingestahili nafasi ya mbele, kwa maana ndivyo vilivyopikiwa kila siku, na ndivyo vinavyowaunganisha wakazi wa miji ya mawe na majirani zao wa mashambani. Kitu kingine cha thamani ni ukuta uliochorwa na askari au mabaharia wa Kireno, wenye merikebu, samaki na watu, ambao uliondolewa kwenye buruji na kuhifadhiwa.

Aliyemfuata Kirkman, Hamo Sassoon, alipanua kazi hiyo nje ya ngome. Alifukua kisiwani mahali ulipokuwa mji wa kwanza wa Mombasa. Baadaye Mtwapa ilichunguzwa na Chapurukha Kusimba, Mkenya, aliyeonyesha ukubwa na utajiri wa mji huo. Mabadiliko hayo ya mikono yana uzito wake. Kizazi cha kwanza kiliiona miji hii kuwa ya wageni waliotoka ng'ambo. Uchimbaji wa tangu miaka ya 1980 umeonyesha kwa ushahidi wa udongo kwamba mizizi yake ni ya wenyeji, na kwamba wageni waliingia katika jamii iliyokuwapo tayari.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika majini. Wapiga mbizi wa Mombasa walikuwa wameigundua Santo António de Tanna katika miaka ya 1960. Kuanzia 1977 hadi 1980, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakishirikiana na Taasisi ya Akiolojia ya Bahari ya Marekani, chini ya Robin Piercy, yalifukua mabaki yake katika tope. Walitoa mizinga, mitungi, vyombo vya Kichina, mbao zilizonakshiwa na vifaa vya mabaharia. Sehemu ya chini ya merikebu iliachwa ilipo na kufunikwa tena, kwa kuwa kuiinua kungehitaji fedha na jengo ambalo halikuwapo.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na sababu yake ni ya kisayansi. Mbao zilizokaa baharini karne tatu zimejaa maji na chumvi. Zikianikwa tu, hukunjamana na kupasuka. Sharti zilowekwe kwenye maji baridi kwa muda mrefu hadi chumvi itoke, kisha zinyweshwe dawa iliyo kama nta inayoshika nafasi ya maji. Chuma huliwa na kutu hata baada ya kutolewa. Misri ina bahati ya mchanga mkavu, ambao ulitunza vitambaa, mikate na hata maua ya makaburini. Makumbusho Makuu ya Misri, yaliyofunguliwa rasmi Giza tarehe 1 Novemba 2025 baada ya zaidi ya miaka 20 ya maandalizi, yaliweza kukusanya chini ya paa moja zaidi ya vitu 5,000 vya kaburi la Tutankhamun. Pwani ya Afrika Mashariki ina unyevu, chumvi, mchwa na mizizi ya mibuyu. Nguo, mikeka, milango na nyumba za udongo na makuti za watu wa kawaida zimekwisha kuoza. Kilichobaki ni mawe, vigae, shanga, sarafu na chuma, na wataalamu wa Fort Jesus wanalazimika kujenga maisha mazima kutokana na hayo machache.

Mwaka 2011 Fort Jesus iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba ya Kiomani, iliyojengwa juu ya mojawapo ya buruji, imetengenezwa kuwa maonyesho ya uhusiano wa pwani na Oman. Mawimbi yaliyokuwa yakila mwamba chini ya ngome yamejengewa ukuta wa kuyazuia. Haya ni mafanikio ya kweli, nayo yanastahili shukrani.

Bara halijapata matunzo kama hayo. Mji umevuka maji: daraja la kwanza la Nyali la mwaka 1931 lilielea juu ya maboya, la sasa ni la 1980, na kila siku maelfu ya watu huvuka kwa feri ya Likoni. Kisauni, Likoni na Changamwe ndiko waliko wakazi wengi wa Mombasa, na ndiko misingi inakochimbwa kila wiki kwa ajili ya magorofa, barabara na mabohari. Shimo la choo kule Jomvu Kuu au msingi wa nyumba Mtongwe unaweza kukata kaburi la karne ya 15 au tabaka la zana za mawe kwa asubuhi moja, na likishakatwa halirudi. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inamtaka anayevumbua kitu cha kale kuyaarifu Makumbusho ya Taifa na kueleza mahali hasa alipokipata. Mahali hapo ndipo penye thamani kuliko kitu chenyewe: kigae kilichookotwa kikatiwa mfukoni hakisemi lolote, lakini kigae kinachojulikana kilikaa kina gani, karibu na ukuta gani, kinaweza kuupa mtaa mzima tarehe yake. Basi fundi, mwenye kiwanja, mwalimu au kijana wa mkono atakayekuta vigae vya rangi, shanga, mifupa au ukuta wa matumbawe chini ya ardhi, na asimamishe jembe, aache vitu vilivyo, apige picha, na apeleke habari Fort Jesus kabla zege halijamwagwa.